Waacheni Wabishane

Miaka yangu yote ya ualimu nilifundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili, mkoani Morogoro, na kitu nilichopambana nacho kuliko vyote ni ile "Ndiyo, mwalimu!" ya darasa zima. Ukiuliza kama wameelewa, wanaitikia kwa pamoja. Ukisahihisha madaftari jioni, unakuta wengi wamenakili tu ubao.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amejifunza sehemu, asili na Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) kwa Kiswahili. Anaingia sekondari, mambo yaleyale anayakuta kwa Kiingereza, basi ulimi unafunga. Hesabu anaijua, maneno ya kuieleza mbele ya wenzake watakaomcheka ndiyo hana. Kwa hiyo darasani kwangu niliwaacha wanafunzi wabishane juu ya majibu kwa Kiswahili, kisha tukaandika tulichokubaliana kwa Kiingereza cha mtihani. Baadhi ya wenzangu hawakuipenda njia hiyo. Lakini mtu atabishanaje kwa lugha ambayo bado anaitafuta?

Somo ninalolikumbuka kwa furaha ni la kujumlisha nusu na theluthi. Niliomba majibu, nikayaandika yote bila vema wala kosa: 5/6, 2/5, 1/6. Nikanyamaza. Kunyamaza huko ni kazi ngumu, maana mkono wenyewe unataka kusahihisha. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasimama: "Mwalimu, mbili ya tano haifiki hata nusu. Tumeanza na nusu, tumeongeza, sasa imepunguaje?" Darasa likalipuka. Mwenye jibu lile akaulizwa amelipataje, akaeleza bila woga: amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Wakachora mstatili, wakaugawa vipande sita, wakaona wenyewe kwamba nusu ni vitatu na theluthi ni viwili. KDS waliyoikariri tangu utotoni ikapata kazi siku hiyo.

Nilikuwa na sharti moja: "Kwa nini?" iulizwe hata kwa jibu sahihi. Ukiiuliza kwa waliokosa peke yao, watoto wanaijua haraka kuwa ni hukumu, nao wanafunga midomo. Na kwa darasa lililojaa, niliwaacha kwanza waongee dawati kwa dawati. Mwoga akishaungwa mkono na jirani yake, husimama.

Mtaala wa sekondari ulipogeuzwa kuwa wa umahiri mwaka 2005, kumshirikisha mwanafunzi kukawa agizo rasmi. Hata hivyo muhtasari ulibaki mrefu, kipindi dakika 40, na mtihani wa kidato cha nne hausubiri mtu. Hoja hiyo ya muda naiheshimu. Ila mada iliyobishaniwa vizuri sikulazimika kuirudia, na iliyokaririwa niliifundisha upya kila muhula.

Walimu mnaoanza kazi, nawaomba: andikeni ubaoni majibu yote, hata yaliyokosewa, kisha wapeni watoto nafasi ya kuyatetea.