Jembe la Baba

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za safari, za mpira na za sikukuu. Leo naomba nafasi nieleze jambo lililotokea nyumbani kwetu Mibirizi, maana limenipa somo ambalo sikulipata darasani.

Sisi ni wakulima wa kahawa. Asiyepajua kwetu na aelewe kwamba Mibirizi ni kilima cha Rusizi, magharibi ya Rwanda, na misheni yake iliwekwa na Mapadre Weupe mwaka 1903. Husimuliwa kwamba miche ya kwanza ya kahawa katika nchi yetu ilipandwa hapo misheni mwaka uliofuata, na hata leo iko aina ya kahawa iitwayo Mibirizi. Baba yangu alikulia katika kahawa. Hana cheo wala mali nyingi, lakini kilima kizima kilimjua kwa jembe lake.

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili 2023 nilikuwa nyumbani kwa likizo, nami nilikuwa na miaka 17. Tulikuwa tukichuma. Yapata saa nne asubuhi Baba akatua kikapu chake, akaketi chini ya mgomba. Jasho lilimtoka kama mtu aliyenyeshewa, wala jua halikuwa kali. Akasema kifua kinambana na mkono wa kushoto umekuwa mzito.

Nikamwuliza, "Baba, ulikula nini?"

Akajibu, "Maharagwe ya jana. Nenda ukachume."

Basi tukaona ni kiungulia. Mama akachemsha tangawizi, nikampelekea, kisha nikarudi kuchuma. Nilirudi kuchuma! Neno hilo ndilo lililonitafuna kwa muda mrefu. Tulikaa hivyo hata saa saba, Baba alipotapika na uso wake ukawa kama majivu. Hapo ndipo nilipopiga yowe. Majirani wakaja na ingobyi, machela yetu ya kienyeji, wakambeba mabegani kwa zamu mpaka Hospitali ya Mibirizi.

Daktari akambandika nyaya kifuani, mashine ikachora mapigo ya moyo katika karatasi. Akampa aspirini atafune, kisha akatuambia kwamba Baba amepata shambulio la moyo. Mimi nilishangaa. Nilidhani maradhi hayo ni ya matajiri wanene, na Baba ni mwembamba kama ufito. Daktari akanieleza kwamba moyo ni msuli, nao hulishwa na mishipa yake wenyewe ya damu. Mafuta hujijenga ndani ya mishipa hiyo miaka mingi, kimya kimya, na siku moja utando wake hupasuka, damu ikaganda, njia ikaziba. Sehemu ya msuli isiyopata damu huanza kufa, na kila dakika inayopita hufa zaidi. Kumbe Baba alikuwa na shinikizo la damu ambalo halijapimwa hata mara moja, tena alikuwa na kiko chake cha kila jioni.

Usiku ule gari la wagonjwa likampeleka Huye kupitia msitu wa Nyungwe. Nilikaa karibu na miguu yake. Njia nzima nilihesabu jambo moja tu: kutoka saa nne mpaka saa saba ni saa tatu.

Siku ya kumi na moja akarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Nikajiapiza kwamba hatagusa kitu tena. Nililichukua jembe lake nikalificha chini ya kitanda changu. Hakuruhusiwa kuinua ndoo wala kufunga mbuzi. Wageni niliwaomba waseme polepole. Usiku niliamka, nikasimama mlangoni pake kusikiliza kama anapumua. Shule ilipofunguliwa sikurudi, nikamwambia Mama kwamba masomo yangu yamekwisha.

Baba alitii yote, na utii huo ndio ulioniogopesha. Mtu aliyekuwa akigombana hata na mvua alikaa kutwa ameegemea ukuta. Hakufungua redio. Hakwenda Misa. Kila kifua kilipomchoma kidogo alishika ukingo wa kiti na kufumba macho. Usiku mmoja alinikuta pale mlangoni, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikufa siku ile. Huyu mnayemlisha ni mgeni tu." Sikuwa na la kujibu.

Wiki ya tatu tulirudi hospitali kupimwa. Muuguzi, mama mmoja wa makamo, alimwuliza Baba, "Mzee, kutwa unafanya nini?"

Mimi nikadakia, "Anapumzika."

Akanitazama akasema, "Nimemwuliza yeye."

Baba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nalindwa."

Yule mama hakucheka. Alituketisha akatueleza kwamba pale msuli ulipokufa hujengeka kovu, nalo huchukua wiki sita au zaidi kukaza. Jembe lingoje, lakini miguu isingoje. Atembee dakika tano asubuhi na tano jioni, aongeze kidogo kidogo. Akiweza kuzungumza huku akitembea, mwendo ni mzuri. Akishindwa kumaliza sentensi, apumzike. Maumivu ya kifua yakirudi, aletwe mara moja, asipewe tangawizi. Dawa asiache hata akijiona mzima, kiko akiage, chumvi aipunguze. Kisha akamgeukia Baba akamwambia kwamba huzuni na hofu si uoga wala si ulegevu. Karibu mtu mmoja katika kila watano waliopatwa na shambulio la moyo huzama katika huzuni nzito, nayo hutibiwa kama sehemu ya ugonjwa. "Ikikulemea, uje unieleze," akasema. Baba akainama akajifuta macho. Tangu siku ile ya mgomba, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuzungumza naye badala ya kuzungumza habari zake.

Tukaanza kutembea. Siku ya kwanza tulifika mkaratusi wa tatu tu, tukarudi. Baada ya siku chache tukafika kisimani, na mwisho wa wiki ya pili tukauona mlango wa kanisa. Mama akaniambia kwamba Baba anatembea sasa na kwamba shule inaningoja. Siku ya mwisho kabla ya kurudi kwangu nikapata nguvu ya kusema lile neno.

"Baba, siku ile nilirudi kuchuma."

Akasema, "Nami ndiye niliyekutuma. Kahawa ilikuwa imeiva." Akatembea hatua chache, akauliza, "Jembe langu liko wapi?"

"Sijui, Baba."

"Liko chini ya kitanda chako. Nililiona siku ya pili. Nilikuwa nangoja unipe mwenyewe. Usinipe leo, muuguzi hajaruhusu. Lakini lirudishe mahali pake nilione."

Nikalirudisha jioni ile ile.

Niliporudi shuleni nilianza kutafuta habari za ugonjwa huu katika vitabu. Nilikuta kwamba zamani wagonjwa wa namna hii walilazwa chali wiki nyingi kama magogo. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika kwamba kumketisha mgonjwa kitini mapema kunamfaa zaidi kuliko kumlaza tu. Nilisoma pia habari za Dwight Eisenhower, Rais wa Marekani. Yeye alipatwa na shambulio la moyo huko Denver tarehe 24 Septemba 1955, na habari ya kwanza iliyotangazwa ilisema ni tumbo tu. Daktari Paul Dudley White, aliyeitwa kumtibu, alikuwa mtu wa kuhimiza wagonjwa wa moyo watembee na kurudia kazi zao. Mwaka uliofuata Eisenhower alichaguliwa tena, akaongoza mpaka mwaka 1961. Nikakifunga kitabu. Ikiwa ugonjwa wa Rais ulitangazwa kuwa ni tumbo, basi kijana wa Mibirizi mwenye kikombe cha tangawizi anaweza kusamehewa, ingawa hapaswi kukosea mara ya pili.

Nilipofika nyumbani likizo ya Desemba, Baba alinichukua nyuma ya nyumba bila neno. Palikuwa na miche 20 ya kahawa iliyopandwa katika mvua za Novemba. Mashimo yalichimbwa na majirani wale wale waliobeba ingobyi. Kupanda alipanda mwenyewe, miche miwili kwa siku, akipumzika katikati. Ninyi wana wa wakulima mnajua kwamba mche wa kahawa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Nilihesabu ile miaka, nami nikaelewa kwamba mgeni ameondoka na Baba amerudi.

Wenzangu, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa yaliua watu karibu milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya maradhi haya hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Basi mkirudi nyumbani wapelekeni wazazi wenu wakapimwe shinikizo la damu. Mtu akibanwa kifua na kutokwa na jasho bila sababu, msingoje, mpelekeni hospitali. Na Mungu akiwarudishia mgonjwa wenu, msimfiche jembe lake. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hilo ni kweli, lakini kazi yake aulizwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita