Ile ni Nyiragongo tu?



Majuzi mtoto wa mmoja wetu alitoka masomo na daftari mkononi, akatukuta tumekaa kwenye baraza tukichambua sombe. Mwalimu alikuwa amewafundisha maajabu saba ya ulimwengu wa kale. Akatusomea yote: bustani za Babeli, mnara wa taa wa Aleksandria, piramidi kubwa ya Misri, ambayo peke yake ndiyo ingali imesimama, na ina umri wa miaka kama 4,500. Kisha akauliza: «Mama, Misri ni mbali? Siku moja nitaiona piramidi?»

Tulicheka kidogo, maana kila mmoja wetu alikuwa akifikiria minerval ya mwezi ule. Lakini mama mzee wa kikundi chetu alinyoosha kidole upande wa kaskazini, juu ya mabati ya majirani. «Na ule mlima, umekwisha kuuona?»

Mtoto akajibu: «Ile ni Nyiragongo tu.»

Neno lile «tu» lilituingia. Kumbe watoto wetu wanaufahamu mlima huo kama wanavyofahamu ukuta wa lupango. Uko pale kila asubuhi, basi. Wageni wametoka Ulaya na Marekani, wamelipa dola mamia, wamepanda saa tano ao sita kutoka Kibati hadi mita 3,470, wamelala kwenye baridi kali ili tu waangalie ziwa la moto likichemka ndani ya shimo. Maziwa ya moto ya namna ile yanahesabika kwa vidole duniani. Sisi tunaoishi chini yake, kilomita kama 20 tu, hatujawahi kuwashika watoto mkono na kuwaambia: angalieni.

Tukaamua Jumamosi twende nao. Si kupanda juu. Hilo halikuwa la kufikiriwa. Tulitaka kwenda Buhene, mahali moto wa 2021 uliposimama, watoto waone kazi ya mlima kwa macho yao.

Si wote waliokubali. Mama mmoja ambaye nyumba yake ilimezwa 2002 alisema wazi: «Mimi siwezi kwenda kutembea kama mtalii juu ya nyumba yangu.» Hakuna aliyemjibu. Wengi wetu tunakumbuka ile tarehe 17 Januari. Mlima ulipasuka ubavuni, moto ukashuka, ukakata mji katikati na kuingia ziwani. Tulikimbia tukiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani, wengine hadi Gisenyi. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila makao. Tulimwachia mama yule uhuru wake.

Jumamosi tukaondoka mapema, na chai ndani ya termosi na mikate ya watoto. Tulipofika barabarani tukamkuta amesimama, kitambaa kichwani, anatungoja. Hakusema kitu, akatembea nyuma yetu.

Pale Buhene watoto walinyamaza. Jiwe jeusi limelala kama mto ulioganda, lina mikunjo kama bugali iliyomwagika na kupoa. Wakaligusa. Linakwaruza mkono, na ukiokota kipande kinakuwa chepesi, kimejaa matundu. Tukawaeleza kwamba moto wa Nyiragongo ni mwepesi kuliko wa volkano nyingi, unatiririka kama mafuta. Ndiyo sababu mwaka 1977 ziwa lote la juu lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na watu waliokuwa chini hawakupata nafasi ya kukimbia. Mwaka 2021, jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei, moto ulifika hapa karibu na uwanja wa ndege, ukasimama.

Hapo mama yule akaongea kwa mara ya kwanza. Aliwaambia watoto kwamba chini ya jiwe kama hili, mjini, kuna sufuria zake, mashine yake ya kushona na picha ya ndoa yake. Mtoto wa daftari akauliza: «Mama, unauchukia mlima?» Akafikiri sana. Kisha akasema: «Nyumba ninayolala leo nimeijenga kwa mawe yake. Maharagwe ninayouza yanakomaa kwenye udongo wake. Siuchukii. Ila nikilala, sikio langu moja linabaki kwake.»

Njiani tukapita kwenye bonde dogo, mama mzee akawazuia watoto wasishuke. Ni hapo walipojifunza mazuku. Ni gazi inayotoka ardhini, haina rangi, nzito kuliko hewa, inatulia mahali pa chini kama maji kwenye sahani. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, na mtoto mfupi ao mbuzi pale pale akaanguka na kufa. Asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, ni hatari zaidi. Watoto walikuwa wakilisikia neno hilo kama hadithi ya kuwatisha. Sasa wameona shimo lenyewe.

Jioni tulipoachana, hatukuwa na furaha ya watu waliotoka kwenye sikukuu. Lakini tulikuwa tumeelewa jambo moja. Piramidi, mtu anaitembelea, anapiga picha, anarudi kwao. Ajabu letu tunalala nalo. Kwa hiyo mtoto wetu anapaswa kulijua kuliko mtalii anavyolijua. Ataheshimu kile alichokigusa. Akisikia amri ya kuondoka, hatauliza kwa nini.

Tunakumbuka 2021 jinsi watoto wengi walivyopotezana na wazazi wao gizani. Ndiyo maana tunawaomba, wamama, jioni moja ya juma hili, mkae na watoto na kufanya haya matatu. Kila mtoto ajue kusema jina lake kamili, jina la mama na la baba, na kartie yake. Jamaa nzima ichague mahali pamoja pa kukutana, na njia ya kufika pale. Na watoto wajue rangi za tahadhari za volkano: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Wadogo kabisa, waandikiwe majina kwenye kitambaa na kushonewa ndani ya nguo.

Kisha mtoke nje pamoja. Usiku mwingine wingu lililo juu ya mlima linakuwa jekundu kama kaa la makala kwenye mbabula. Msipite tu. Simameni, muwaonyeshe.

Yule mtoto ameandika kwenye daftari lake, chini ya yale saba, namba 8: Nyiragongo. Mwalimu hakuifuta.