Usikimbilie "Nirudishie Pesa Yangu"

Wasee, kuna kitu hunikera kila nikisikia stori ya mtu aliyechezwa kwa ploti. Muuzaji akianza kuzungushana, sote tunapiga kelele moja: arudishe pesa ya watu! Akirudisha, tunapiga makofi. Mimi nasema tulia kwanza. Kuna wakati pesa ikirudi, aliyeshinda ni muuzaji.

Piga hesabu na mimi. Tuseme ulinunua ploti Juja kwa 600,000 na ukamaliza kulipa. Miaka 2 baadaye barabara imewekwa lami na kuna mtu anaitaka hiyo hiyo ploti kwa 900,000. Muuzaji anakuita kwa upole, anasema hatimiliki "imeleta shida kidogo", anakurudishia 600,000 zako na pole juu. Yeye amebaki na 300,000. Wewe hiyo doo haikununulii tena ploti hapo. Umemkopesha bila riba na ukasema asante.

Sheria ya Kenya haikukupa mlango mmoja. Kwanza, unaweza kuomba korti imlazimishe atimize mkataba, yaani akupe ploti yenyewe. Lakini lazima uwe umelipa ama uko tayari kulipa, na ploti isiwe imeshahamia kwa mnunuzi mwingine asiye na hatia. Pili, unaweza kuuvunja mkataba rasmi na kudai pesa zako na riba. Tatu, kuna fidia ya hasara uliyopata. Hiyo 300,000 ndiyo hasara tunayoongelea.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Sheria inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na kuwe na shahidi. Meseji za M-Pesa na selfi ukishika bikoni zinaonyesha tu ulitoa pesa. Na kama ni ardhi ya kilimo, kibali cha bodi ya ardhi kinafaa kuombwa ndani ya miezi 6. Bila hicho sheria inauhesabu mkataba kuwa batili, na mara nyingi unabaki kudai pesa yako kama deni.

Kwa hivyo ukiona dalili, usikae ukingoja "wiki ijayo". Mikataba mingi hufuata masharti ya Chama cha Mawakili, ambayo yanakuruhusu kumpa notisi ya siku 21 amalize mambo. Halafu nenda ofisi ya ardhi uombe kizuizi kiwekwe kwenye rejista, ndio asiuzie mtu mwingine mkiendelea kuvutana. Dai la mkataba lina miaka 6, ikipita umechelewa. Na si kila kesi lazima ianzie Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Nyingi za ploti zetu hizi ndogo husikizwa na hakimu.

Enyewe, kesi huchukua muda na wakili si bure. Kuna siku kuchukua pesa uende ndiyo busara. Lakini chagua hivyo ukijua unachoacha mezani. Na kumbuka sheria ni ya pande mbili: ukiacha kulipa wewe, ile asilimia 10 ya mwanzo inaweza kwenda.

Kabla usaini, tafuta kifungu kinachosema muuzaji akikosa kutimiza, itakuwaje. Kama kinaongea tu kuhusu makosa yako, huo mkataba umeandikwa wa mtu mmoja. Mwambie aongeze. Akikataa, beba doo yako uende.