Msimu Tuliofungwa Kila Mechi

Mwaka wetu wa pili katika chuo cha theolojia tulicheza mechi saba na vyuo jirani, tukafungwa zote. Chuo cha ualimu kilitufunga sita bila. Kila mara tuliomba kabla ya mchezo, na watazamaji wakatuuliza kama Mungu wetu naye yuko benchi. Tulicheka nao, lakini tukirudi bwenini tulimgeukia golikipa wetu. Tulimwita Chujio. Ukweli ni kwamba sisi mabeki tulichoka kabla ya mapumziko, maana mazoezi tuliyakwepa.

Jumapili moja, wakati wa Chakula cha Bwana, golikipa hakuinuka. Alibaki kiti cha nyuma, ameinamisha kichwa. Sisi tuliokwisha kuhubiri Mathayo 5, habari ya kuiacha sadaka madhabahuni na kwenda kupatana kwanza na ndugu, tulisimama kwenye mstari tukitazamana. Watatu kati yetu tulirudi nyuma, tukapiga magoti kando yake. Maneno hatukuyapata. Alisogea, akatupa nafasi.

Mechi iliyofuata tulifungwa tatu. Mabao mawili yalikuwa makosa yetu mabeki, na tukasema hivyo mbele ya wote.