Ghorofa linang'aa, maji hayapandi!

Hebu nikuulize swali dogo, msomaji wangu. Siku ile dalali alipokupeleka kutazama apatimenti, ulitazama nini? Usinidanganye. Ulitazama tailizi zinavyong'aa. Ukainua shingo kuangalia jipsamu na taa zake za rangi rangi. Ukasukuma dirisha la alumini, likateleza kama limepakwa mafuta, ukasema moyoni, hapa washikaji wakija watakoma! Ukatoa mshiko. Lakini je, ulifungua bomba? Uliuliza LUKU iko wapi, na ni ya watu wangapi? Uliuliza kama nyumba ina ethi?

Hukuuliza. Wengi hatuulizi. Nyumba siku hizi tunaipanga kwa macho, kama mtu anayechagua shati mnadani. Nami nasema nyumba ni kama binadamu. Hiyo tailizi na rangi ni ngozi tu. Kinachomfanya binadamu aishi ni mishipa, na mishipa ya nyumba ni mabomba na nyaya zilizofukiwa ukutani. Ngozi nzuri isiyo na mishipa ni maiti iliyopambwa.

Mie nakaa Ruhuwiko, hapa hapa Songea. Wenzetu wa Dar wakisikia Songea wanafikiria mahindi na baridi tu. Waache waote. Huku nako maghorofa yanaota, na yana sababu zake. Miaka mingi mji wetu uliishi kwa majenereta ya dizeli. Mwaka 2015 masista wa Kibenediktini wa Chipole wakaja na umeme wa maji kutoka Tulila kwenye Mto Ruvuma, mtambo wa megawati 5, wakawa wanaiuzia Tanesco. Halafu mwaka 2018 ikawashwa ile laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako, kama kilomita 250 hivi, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden. Songea ikaingia kwenye gridi ya taifa.

Umeme ukishakuwa wa kuaminika, watu wanabadilika. Aliyekuwa na balbu mbili na redio ananunua friji. Mwenye friji anataka jiko la umeme. Na kwa baridi letu la Juni na Julai, kila mtu anataka ile shawa ya kupasha maji. Kasheshe ni kwamba waya ukutani ni ule ule, na fundi aliyeufunga alikuwa na balbu na redio kichwani.

Sasa sikiliza yaliyompata dada yangu.

Dada na shemeji walipata apatimenti ghorofa ya pili, kwenye jengo jipya la chini na ghorofa mbili, nyumba sita kwa jumla. Laki moja na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele, na dalali akavuta ya kwake ya mwezi mmoja. Milioni moja na ushee ikaondoka kwa mkupuo. Shemeji ni dereva wa malori, wiki mbili yuko njiani, siku tatu yuko nyumbani. Dada alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikaambiwa niende kukaa naye, nimsaidie kazi ndogo ndogo.

Hizo kazi ndogo ndogo, jamani! Bomba la uani lilikuwa linatoa maji kwa nguvu mpaka ndoo inaruka. Ukipanda juu, ukifungua koki, linasema fyuuu, linatema matone mawili na kunyamaza. Nikawa napandisha ndoo ishirini kwa siku. Nikichelewa kidogo namkuta dada kwenye ngazi na ndoo yake, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni. "Mdogo wangu," ananiambia, "usinitazame hivyo, nitafanyaje?" Karibu yetu kuna mtaa unaitwa Bombambili. Sisi hata bomba moja lilikuwa linatushinda.

Mjomba wetu ni fundi umeme, mwenye leseni ya EWURA na heshima zake, na mabomba pia anayaelewa. Akaja, akatazama, akacheka kidogo. Akanieleza kwa lugha ambayo hata mie wa kidato cha nne nikaielewa.

"Mjomba," akasema, "maji ni mvivu kama wewe asubuhi. Kushuka anapenda, kupanda hadi asukumwe. Kila mita kumi za kwenda juu zinadai presha ya baa moja." Siyo baa ya kunywea bia, msomaji, ni kipimo cha presha. "Tangi la hapa liko juu ya paa, kama mita tisa. Na bomba linalolipelekea maji ni jembamba, la nusu inchi, tena limepitia kwanza kwenye nyumba za chini. Hao wakifungua koki kufua, presha imekwisha. Tangi litajaa lini?"

Na hata tangi likijaa bado. Lilikuwa limekaa mita moja tu juu ya shawa ya dada. Mita moja ni moja ya kumi ya baa, hapo ni kudondosha, siyo kuoga. Wa chini kabisa, aliye mita saba chini ya tangi, anaoga kwa raha. Kumbe wa juu, mwenye kuonekana amepanga pazuri zaidi, ndiye maskini wa maji!

Dawa yake, alisema mjomba, inajulikana siku zote. Unaweka tangi la chini lipokee maji taratibu, usiku na mchana. Unaweka pampu iyapandishe. Tangi la juu unalinyanyua kwenye mnara wake. Lakini usiliweke popote tu, maana lita 1,000 ni tani nzima. Tangi la lita 5,000 likijaa ni kama umeegesha lori dogo juu ya kichwa chako. Ndiyo maana haya mambo yanapangwa kwenye mchoro kabla tofali la kwanza halijawekwa. Pale kwetu yalikumbukwa rangi ilipokwisha kukauka.

Kizaazaa cha pili kilikuwa LUKU. Jengo zima lilikuwa na mita moja. Kila mwisho wa wiki ni mchango, na kila mchango ni ugomvi. Yule ana friji, huyu anapiga pasi kila asubuhi, wewe una redio tu kwa nini ulipe sawa? Watu walinuniana mpaka salamu zikawa za kuombwa.

Lakini kuna hasara ambayo wengi hawaioni. Kwa bei za EWURA zilizoanza Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi aliwekewa shilingi 100 kwa uniti. Mteja wa kawaida aliwekewa shilingi 292, kabla ya kodi. Piga hesabu. Nyumba moja ikitumia uniti 50 kwenye mita yake, ni shilingi 5,000. Nyumba sita zikijazana kwenye mita moja zinaonekana kama mteja mmoja mkubwa, zinaruka nje ya lile kundi la wadogo, na uniti zile zile 50 zinakuwa shilingi 14,600. Mnagombana kwa sababu ya pasi, kumbe aliyewachuna ni mita!

Hayo yote tungevumilia, msomaji. Tuliyoshindwa kuvumilia ni ya jioni moja ya Julai.

Mwenye nyumba alikuwa ameweka shawa za umeme kila bafu, ndiyo sifa aliyokuwa akiuzia. Siku hiyo maji yalipanda kwa bahati. Dada akafurahi, akaingia kuoga. Nikasikia ukelele mfupi, halafu kishindo. Nilimkuta amekaa chini ameegemea mlango, mkono umekufa ganzi mpaka begani. Alikuwa amegusa koki ya chuma. Hakuniambia lolote kuhusu mkono. Alishika tumbo kwa mkono mzima, akaniuliza, "Anacheza? Hebu weka mkono, anacheza?" Tulikaa pale sakafuni, sijui dakika ngapi, tukisubiri mtoto apige teke.

Akapiga.

Mjomba alikuja usiku ule ule. Akazima meni swichi, akafungua ile shawa. Waya wa ethi ulikuwepo, wa kijani na njano, mzuri kabisa. Akaufuata mpaka kwenye ubao wa breka. Mle ndani ulikuwa umekatwa na kukunjwa, ukazibwa na plasta. Haukuunganishwa na kitu chochote. Nje tulitafuta ile fimbo ya shaba inayotakiwa kupigwa ardhini. Hakuna. Ethi ya jengo zima ilikuwa pambo.

Nielewe vizuri hapa, maana hii inaua. Ndani ya shawa ya umeme kuna koili inayopasha maji. Ikipasuka, umeme unavuja kwenye maji na kwenye chuma. Kama ethi ipo, umeme unapita njia hiyo kwenda ardhini. Kama haipo, unasubiri mkono wako mbichi.

"Mbona breka haikukata?" nikauliza.

"Mjomba, breka hii ni ya ampea 32. Kazi yake ni kulinda waya usiungue, siyo kukulinda wewe. Mtu anaanza kuwa hatarini kwenye milliampea 30 tu. Hiyo breka inasubiri mara elfu moja ya hapo!" Breka ya kumlinda mtu ni nyingine, ile inayosikia umeme ukivuja kidogo na kukata kabla hujamaliza kusema mama. Pale haikuwepo.

Asubuhi dada akampigia baba mwenye nyumba. Jibu lilikuwa la kimjini: kama hapafai, hama, kodi hairudi. Shemeji kwenye simu akataka tuhame siku hiyo hiyo, laki nne za miezi iliyobaki zipotee. Dada akakataa. "Nikihama mimi," akasema, "kesho dalali ataleta mwenye mimba mwingine."

Akapita mlango kwa mlango, nyumba zote tano. Hao waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya pasi walikaa kwenye ngazi pamoja jioni ile. Hawakupiga kelele, wala hawakutishia mtu. Walimwita mzee aje, mjomba akamwonyesha ule waya uliokatwa, halafu akamuuliza kwa adabu, "Mzee, shikamoo tena. Wajukuu zako pale nyumba ya chini, wanaogea wapi?"

Mzee aliutazama ule waya muda mrefu. Kumbe na yeye alikuwa ameuziwa nyumba kwa macho, na fundi aliyempa bei ya chee.

Wiki ile fimbo ya shaba ilipigwa ardhini, kila nyumba ikapata breka ya kuzuia mtu kunaswa, shawa zikavutiwa waya wake mnene. Wapangaji walitanguliza fedha, zikakatwa kwenye kodi, kwa maandishi. Maombi ya LUKU sita yakapelekwa. Pampu, alisema mzee, isubiri auze mahindi. Basi tukasubiri mahindi. Dada alijifungua salama mtoto wa kike, na ndoo niliendelea kubeba mpaka mahindi yaliponunuliwa.

Na msidhani haya ni ya Songea tu. Kule Dar, nyumba za Magomeni Kota zilizozinduliwa Machi 2022 ni za kaya 644. Hebu fikiria watu wote hao wanategemea pampu na nyaya za pamoja! Kitu cha wote kisipokuwa na mwenyewe kinakufa. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu za jengo inawataka wenye nyumba za jengo moja wawe na umoja wa kusimamia vya pamoja. Sisi wapangaji hatumiliki hata msumari, lakini ngazi za kukaa na kuongea tunazo.

Kwa hiyo ukienda kutazama nyumba, acha kwanza tailizi. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, watu wote wanapooga, ufungue bomba la juu kabisa. Uliza tangi liko wapi na pampu ni ya nani. Uliza LUKU ni yako peke yako. Omba kuonyeshwa fimbo ya ethi inapoingia ardhini, na uliza nani alifunga umeme na kama ana leseni. Dalali akikasirika, ujue umeuliza swali zuri.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mie naongeza: ukiona vyang'aa, uliza nyuma ya plasta kuna nini.