Ndimu na Robo Dola

Jumamosi ni siku yangu ya kufua. Nyumba tunayopanga hapa Minneapolis haina mashine, kwa hiyo kila wiki mimi na mwanangu hubeba makapu mawili hadi londri iliyo mtaa wa pili. Mashine za pale ni za kizamani, hazijui kadi wala simu. Zinataka robo dola, zile sarafu za senti 25. Unaingiza noti ya dola kumi kwenye kisanduku cha ukutani, nacho kinakumwagia sarafu arobaini kwa kishindo, kama maembe yanayoporomoka juu ya bati.

Katika kusubiri nguo zizunguke ndipo nilipoanza kuziangalia hizo sarafu. Upande mmoja ni George Washington, aliyekaa kwenye sarafu hiyo tangu 1932. Upande wa pili ndio wenye mambo. Kuanzia 2010 hadi 2021 Marekani ilitoa robo dola za namna 56, moja kwa kila jimbo, moja kwa mji mkuu na tano kwa maeneo yake ya ng'ambo, kila moja na mbuga, msitu au mahali penye historia. Nilimpata nyati wa Yellowstone akiwa na chemchemi ya maji moto iliyoruka nyuma yake. Nikampata chura mdogo wa Puerto Rico, na ndege wa Florida aliyetandaza mbawa kama mtu anayeanika kanga. Nikawa naweka moja moja kwenye kopo la kahawa.

Jumamosi moja akaja popo.

Ni robo dola ya 2020, ya Samoa ya Marekani. Mama popo ananing'inia mtini, na kitoto chake kimejibana kwake. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, na popo wakubwa wa namna hii nawajua tangu utotoni, wale walao matunda, ambao jioni huondoka kwa makundi mpaka mbingu ikaonekana imetobolewatobolewa. Nikaishika sarafu ile nikasahau nguo ndani ya mashine.

Nyumbani niliigeuza chini ya taa. Karibu na shingo ya Washington palikuwa na herufi ndogo, W. Robo dola za kawaida huwa na P ya Philadelphia au D ya Denver, na viwanda hivyo viwili hutoa sarafu za sura moja kwa mamia ya mamilioni. W ni ya West Point, New York. Kiwanda hicho kiliingiza robo dola zake katika mzunguko mwaka 2019 na 2020, milioni mbili tu kwa kila sura, zikachanganywa na nyingine ili watu wazitafute mifukoni mwao. Wakusanyaji huzilipia dola kadhaa hata zikiwa zimeshatumika, na ile ambayo haijachakaa hupanda zaidi.

Ila yangu ilikuwa imefubaa, ina weusi kwenye mikunjo ya mbawa. Nami nimelelewa na bibi ambaye kila ikikaribia Idi alitoa masinia yake ya shaba uani, akakata ndimu, akachota majivu, akasugua mpaka ukajiona meno. Kwangu, kitu cha thamani ni kitu kilichosuguliwa. Basi nikachukua ndimu na chumvi, kisha dawa ya meno na mswaki wa zamani. Popo akatoka anameta. Nilijiona fundi.

Wiki iliyofuata niliipeleka kwa mzee mmoja anayenunua sarafu. Aliishika kwa ukingo, kwa vidole viwili, akaiinamisha kwenye mwanga na kuweka kioo cha kukuzia jichoni. Hakuchukua hata nusu dakika. Akanipa kioo nami nitazame. Uso mzima wa sarafu ulikuwa na mikwaruzo myembamba, kama sakafu iliyofagiliwa kwa chelewa mchanga ukiwa bado mbichi. Akaniambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi, kwamba sasa ilikuwa na thamani ya senti 25.

Alinieleza kuwa ule weusi niliouona uchafu ni umri wa sarafu wenyewe, na mkusanyaji anaununua pamoja na madini yenyewe. Sarafu mpya hutoka mtamboni na ngozi yake, na ngozi hiyo ikishakwanguliwa hairudi. Wanaopima ubora wa sarafu, kwa kipimo cha 1 hadi 70, huitambua iliyosafishwa mara moja, wakaitenga. Mng'aro wangu ndio uliokuwa ushahidi dhidi yangu.

Nilitembea kurudi nyumbani nikimuwaza bibi. Hakukosea. Sinia ni la kupakulia watu, na kila Idi linazaliwa upya. Kosa lilikuwa langu, la kudhani kwamba kila kitu ni sinia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwanangu. Kazaliwa hapa, ana miaka kumi na moja, na Kiswahili chake kina mikunjo yenye weusi. Akisema "kitabu yangu", namrudisha: changu. Akisema "nataka kwenda nyumba", namsimamisha: nyumbani. Nilifanya hivyo kwa mapenzi, kila siku, mezani na njiani. Na siku hizi, nilipojiuliza kwa kweli, mtoto alikuwa ananijibu kwa Kiingereza au kwa kichwa. Nilikuwa nimesugua, na sentensi zilizobaki zilikuwa safi kabisa kwa sababu zilikuwa mbili tatu tu.

Kwetu Pemba jambo hili, la kuacha kusugua, tulilijua kwa njia nyingine. Kuna wakati popo walikaribia kuisha, kwa kuwindwa kwa nyama na kwa kukatwa misitu. Hawakuokolewa kwa kufugwa wala kulishwa. Watu wa sehemu kama Kidike walikubaliana kuacha kuwapiga na kulinda miti wanayolala. Wakaachwa wakaning'inia. Leo wanahesabiwa kwa maelfu. Kuacha nako ni kazi, tena inachosha zaidi ya kusugua, maana mikono inakaa bure na moyo ndio unaohangaika.

Ile sarafu sikuiuza, wala sikuitumbukiza kwenye mashine. Iko kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni. Imeanza kufifia tena, rangi ya maji ya chai, na kila nikipita mkono unanitembea kuelekea kwenye kapu la ndimu.

Juzi mwanangu aliichukua, akaisogeza kwenye mwanga, akaangalia kwa muda mrefu.

"Baba," akasema, "hii popo iko na mtoto yake."

Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikaushika.

"Eeh," nikamwambia. "Na unajua anaitwa nani?"

Akavuta kiti, akakaa.