Albamu Isiyo na Mwenyewe



Leo tunataka tuongee juu ya albamu moja ya mwaka 2012. Inaitwa Country, God or the Girl, ya K'naan. Wengi hamuijui na si kosa lenu, hata wanaompenda K'naan hawaitajagi sana. Lakini sisi vijana wa kambi tunaoimba, na wakati mwingine tunaimbishwa, tunaona hiyo albamu iko na somo ambalo zile nzuri zake haziko nalo.

Kwanza tumjue mwenyewe. K'naan ni Msomali, amezaliwa Mogadishu mwaka 1978. Babu yake alikuwa malenga, na Magool, yule mwimbaji mkubwa wa Kisomali, ni mtu wa familia yao. Mwaka 1991 vita vilipoingia mjini, mama yake aliwatoa watoto wakaenda New York, halafu Toronto, Kanada. Alikuwa kijana wa miaka kama 13. Mistari ya rap alianza kuikariri kabla hajaelewa Kiingereza, anafuata sauti tu. Hapo wengi wetu tunajiona, si ndiyo?

Albamu iliyomtambulisha ilitoka 2005, The Dusty Foot Philosopher, yaani mwanafalsafa mwenye miguu ya vumbi. Hilo jina amewahi kulieleza. Alisema kwenye zile picha za misaada za Afrika, kamera inashukaga mpaka kwenye miguu ya watu, na miguu inakuwa na vumbi. Mwenye miguu haulizwi kitu. Basi yeye akaamua mwenye miguu ndo aongee sasa. Na aliongea kweli. Akiwa bado hajulikani, alipanda jukwaani Geneva mbele ya UNHCR, akatumia nafasi yake kuwaambia Umoja wa Mataifa wapi walishindwa Somalia. Mwaka 2006 albamu hiyo ikapata tuzo ya Juno kule Kanada, upande wa rap.

Mwaka 2009 akatoa Troubadour. Mle ndani kuna wimbo unaitwa Fatima, wa msichana aliyempenda utotoni Mogadishu na vita vikamchukua. Na kuna Wavin' Flag. Huu hatuna haja ya kuueleza. Mwaka 2010 Coca-Cola waliuchukua kwa ajili ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na sisi tuliokuwa watoto wakati ule tuliuimba kwenye kila uwanja, miguu peku, nusu ya maneno tumeyabuni wenyewe. Kitu ambacho wengi hatukukijua ni kwamba wimbo wa kwanza ulikuwa unaongelea vita, njaa, na watu wanaopigana kwa ajili ya mkate wao. Kwenye toleo la mpira hayo yalitolewa, ikabaki sherehe. Tulipoupata ule wa kwanza, miaka mingi baadaye, ilikuwa kama kukutana na mtu ambaye ulikuwa unajua picha yake tu.

Sasa tuje 2012. Albamu mpya ina kila kitu. Bono yumo, Nas yumo, Keith Richards wa Rolling Stones yumo. Sauti ni safi, viitikio vinaingia kichwani haraka. Hakuna mtu anaweza kusema K'naan amesahau kuimba. Lakini sikiliza nyimbo tano mfululizo halafu ujiulize: huyu ni nani anaongea? Ametoka wapi? Nyingi ni nyimbo ambazo msanii yeyote wa Marekani au Uingereza angeziimba na usingeona tofauti. Yule kijana wa Mogadishu anachungulia dirishani mara moja moja, halafu pazia linafungwa. Hiyo ndo sababu albamu inapita masikioni bila kukaa.

Aliyeeleza vizuri kuliko wote ni K'naan mwenyewe. Desemba 2012, albamu ikiwa haijamaliza hata miezi mitatu, aliandika kwenye gazeti la New York Times. Alisema wakubwa wa kampuni ya muziki walikaa naye wakamweleza wasikilizaji wake wapya ni akina nani, wasichana wadogo wa Marekani wanaosikiliza redio, na kwamba mambo ya Somalia yangekuwa mazito kwao. Hawakumlazimisha. Walimshauri tu, na yeye akaanza kujikata ulimi mwenyewe. Akasema Fatima akageuka Mary, na Mohamed akageuka Adam. Akatoa na hadithi ya mbweha aliyekuwa na mwendo wake mzuri. Siku moja mbweha akamwona nabii anatembea, akaona mwendo ule ni mzuri zaidi, akauiga. Ukamshinda. Alipotaka kurudia mwendo wake wa zamani, akakuta ameshausahau.

Waswahili wanasema mwacha asili ni mtumwa. Lakini tuwe wa kweli, tusimhukumu haraka. Mtu aliyekimbia vita akiambiwa kuna mlango wa kufikia mamilioni ya watu, badilisha majina mawili tu, wangapi kati yetu wangekataa?

Maana hata sisi huo mlango tunaujua. Mwaka jana shirika moja lilitafuta vijana wa kurekodi wimbo. Mmoja wetu alileta ubeti juu ya bibi yake wa Masisi. Huyo bibi, kila siku ya mgao, akifika nyumbani anapima maharage upya kwa kikombe chake mwenyewe, na akikuta yamepungua anarudi kule kule na kikombe mkononi. Tulicheka mpaka machozi, kisha tukanyamaza, juu kila mmoja wetu ana bibi kama huyo. Mwenye mradi alisema ni nzuri, ila ifanywe iwe ya watu wote. Basi bibi akageuka "mama mkimbizi", Masisi ikageuka "nchi yangu", na kikombe kikaondoka kabisa. Wimbo ulirekodiwa, ukapigwa siku ya sherehe, watu wakapiga makofi. Leo ukiuliza hapa mtaani, hakuna anayeukumbuka. Ule ubeti wa kikombe ambao haukurekodiwa, watoto bado wanauimba wakienda bombani.

Hatusemi nyimbo za ujumbe hazina kazi. Kipindupindu kikitokea, wimbo wa kunawa mikono uimbwe na yeyote, haijalishi ni nani, ujumbe ufike. Huo ni kama tangazo na tangazo linaokoa watu. Tunachosema ni kwamba rap ni kazi nyingine. Kwenye rap mtu anakuja kwanza, ujumbe unamfuata nyuma. Ukimtoa mtu, unabaki na midundo na maneno mazuri, na hayo yanapatikana kila mahali bure.

Pia tusichanganye mambo. Nafsi ya rapa si kujisifu una gari ambalo huna. Na si kulia kila wimbo pia. Hapa kambini tuko na tatizo hilo: kila rapa mpya anaanza na bunduki, hema na machozi, mpaka huwezi kutofautisha wa Kivu na wa Bujumbura na wa Mogadishu. Mateso yametupata wote, ndo maana mateso peke yake hayamtambulishi mtu. Kinachomtambulisha ni kikombe cha bibi. Ni jina la mtaa, ni jinsi baba yako alivyokuwa anakohoa kabla ya kuongea, ni kile unachokiona wewe cha kuchekesha pale wengine wanapoona huzuni tu.

Kwa hiyo kwenye kikundi chetu tumekubaliana jambo moja kabla ya kurekodi. Tunampa mtu mwingine asome ubeti bila jina la aliyeandika. Akishindwa kukisia ni wa nani, tunaurudisha kwa mwenyewe auandike tena. Tumeshaurudisha mara nyingi, na wengine wamenuna. Ila nyimbo zimeanza kuwa na wenyewe.

Na kwenu wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, tunawaheshimu na tunajua mna ripoti za kuandika. Tunaomba kitu kidogo. Kijana akija na jina la kijiji ambacho hamjawahi kukisikia, msiliondoe. Muulizeni kiko wapi.

Wewe unayesoma, tafuta Troubadour, halafu Country, God or the Girl, uzisikilize kwa mpangilio huo. Kisha utuandikie ubeti mmoja wenye jina la mtaa wako ndani yake. Tutausoma wote.